Mkunga Aliyeshika Mkia

Katika msafara wetu wa baiskeli wa Jumapili, Mkunga alikuwa wa mwisho siku zote. Siyo kwamba alichoka. Alikuwa na miguu ya mtu aliyezunguka vijiji vya upande wa Ntalikwa kabla barabara haijachongwa, na angetaka angetupita wote huku kabeba gunia la mpunga kwenye keria. Alikaa mwisho kwa sababu alipachagua mwenyewe, na hakukubali mtu ampokonye.

Mbele alitangulia Mama Editha, mwenyekiti wa jumuiya yetu. Huyo tulimwita Kirangozi, jina la kiongozi wa misafara ya zamani, maana wazee wanasema kijia kile kinachotoka nyuma ya reli kwenda upande wa Kipalapala ndicho walichopita babu zetu na mizigo mabegani. Watoto wa mtaani wakatubatiza Wapagazi wa Jumapili. Katikati tulikuwa sisi akina mama, wengi wa presha na sukari, tulioambiwa kliniki kwamba tusipotoa jasho tutakufa tumekaa. Tukitoka misa ya kwanza tunakunywa chai, tunabadilisha nguo, tunaondoka mmoja nyuma ya mwenzake. Nyuma kabisa, Mkunga.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sitasumbuka nayo. Mimi niliishia darasa la nne, sina ufundi wa kumpanga mtu tangu mwanzo hadi mwisho. Nitasema ninayoyajua, jinsi yanavyokuja.

Baiskeli yake ilikuwa ya kiume, yenye bomba la juu. Hakuipanda kama sisi tunavyopanda, kwa kuegemea ukuta au kushikiliwa na mtu. Aliikimbiza kwanza, kisha akarusha mguu nyuma juu ya keria, na khanga yake haikuwahi kunasa. Kengele ilikuwa imekufa, inakwaruza tu, lakini tuliijua. Ikikwaruza mara moja, wa mbele wapunguze mwendo. Ikikwaruza mara mbili, wote mshuke. Kwenye kapu la mbele alibeba pampu, kipande cha mpira wa kuzibia pancha na chupa ya maji ambayo hakumpa mtu mpaka aone ulimi wake umekauka kweli. Kila tulichoangusha njiani alikiokota yeye. Aliwahi kuokota rozari, kandambili, mtandio, na mara moja meno ya bandia ya mama mmoja aliyecheka akiwa kwenye mteremko. Aliyasafisha kwenye khanga yake, akampa mwenyewe.

Tulipoanza kuogopa gari au ng'ombe na kugeuza shingo, alipiga kelele: "Kaza macho mbele! Nyuma nipo mimi."

Wenzangu neno hilo liliwatuliza. Mimi lilinikosesha raha, maana nyuma ndiko nilikotaka kusiwe na mtu.

Niseme sasa, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Mimi nilivuja mkojo kwa miaka mingi baada ya uzazi ulioniharibu. Siyo matone. Nilikuwa navuja nikiwa nimelala, nimesimama, niko kanisani, niko shambani. Madaktari wa Mwanza walinishona, na namshukuru Mungu kwa mikono yao, lakini hadi leo nikikanyaga pedeli kupanda kilima, au tairi likirukia mzizi, inatoka kidogo. Basi siti yangu naivisha mfuko wa nailoni, juu yake kitambaa, na kwenye keria nabeba khanga ya pili. Ukikaa nyuma yangu, ukiwa na macho, utaona.

Nilimwomba mara nyingi. "Mama, leo nishike mkia mimi."

"Mkia una mwenyewe."

"Nimechoka kuangaliwa mgongo."

"Nani anakuangalia? Mimi naangalia tairi."

Hivyo tu. Kisha akakwaruza kengele, safari ikaendelea.

Njia yetu ni nzuri, sitaki mtu adhani sikuiona. Tunaanza na mitaa iliyotulia ya nyumba za zamani za serikali, zenye paa za vigae na michongoma iliyokatwa sawasawa, ambako Jumapili asubuhi hata mbwa wanaona uvivu kubweka. Tunavuka reli, tunaingia kijia. Masika majaruba ya mpunga yanajaa maji, na nyangenyange, wale ndege weupe, wanasimama humo kama wamesahauliwa. Kiangazi mchanga unashika tairi, tunashuka na kusukuma, na kabla hata mvua haijafikiriwa miyombo inatoa majani mekundu, msitu mzima unaonekana kama umetoka kusuguliwa. Mwisho wa safari ni jiwe pana lililolala kando ya bwawa dogo. Hapo tunatandika khanga, tunakula michembe, yale matope ya viazi vikavu vilivyochemshwa na karanga, na Mama Editha anampa mmoja wetu nafasi ya kusema neno. Akina mama vijana wanaolima majaruba ya karibu nao huja kusikiliza, wengine na watoto mgongoni, wengine na matumbo.

Nikipewa nafasi, neno langu ni moja. Nawataja walionifanya hivi.

Namtaja Luhende, aliyekuwa mume wangu. Namtaja mama yake, Bi Kabula. Namtaja Maganga, mdogo wake Luhende. Nawataja kwa majina yao na kijiji chao, bila kung'ata ulimi. Mama Editha mwanzoni aliniambia, "Milembe, samehe, mdogo wangu." Nikamwambia nitasamehe nikimaliza kutaja. Sijamaliza.

Ilikuwa hivi. Nilishikwa na uchungu wakati wa palizi ya karanga. Walimwita mkunga wa kijiji, mwanamke mwenye sifa, mwenye mikono mirefu na myembamba. Ndiye huyu. Alipofika akanawa, akapima. Uchungu ukaenda, ukarudi, ukaenda. Bi Kabula akaingia, akafunga mlango, akasema mtoto hatoki kwa sababu kuna jina la mwanaume limekaa njiani. Kule kwetu waliamini hivyo, na wapo wanaoamini hadi leo: uzazi ukikwama, mama amezini, na asipowataja wanaume aliolala nao njia haifunguki.

"Ataje," Bi Kabula akasema. "Akitaja, ng'ombe watafungwa kwenye mkokoteni aende hospitali akitaka. Asipotaja, hapandi mkokoteni wangu."

Mimi mwanaume nilimjua mmoja tu duniani, naye alikuwa nje kivulini anachonga mpini wa jembe. Nilimsikia anavyochonga. Hakuacha kuchonga.

Mkunga alikuwa ameishika miguu ya mwanangu kwa vidole vyake. Mtoto alikuwa ametanguliza miguu. Mkunga alijua, na alijua kwamba pale nyumbani hawezi kumtoa. Akamtazama Bi Kabula, mwanamke mwenye ng'ombe na mwenye sauti katika kaya ile. Kisha akanigeukia mimi. Akanipangusa jasho, akasema kwa upole kabisa, "Taja, mwanangu. Ukitaja utapumua."

Sikutaja. Sikuwa na wa kumtaja, halafu baadaye hata ningekuwa naye nisingesema. Kinywa kilijifunga kama mlango uliovimba kwa mvua.

Kupitia dirisha niliiona baiskeli ya Maganga imeegemezwa ukutani. Mama yangu mdogo alipokuja akamwomba Maganga anipakie kwenye keria anifikishe barabarani. Maganga akasema, "Hii baiskeli bado ina makaratasi ya dukani. Itachafuka." Kweli yalikuwepo. Yalikuwa yamezungushwa kwenye mabomba, na yalipepea kwa upepo.

Jua lilizama, likachomoza, likapanda, ndipo ng'ombe wakafungwa. Mwanangu alitoka njiani, miguu kwanza, amekwisha kufa. Baada ya siku chache nikaanza kuvuja. Luhende alivumilia harufu mpaka mavuno, kisha akanirudisha kwetu na sufuria zangu. Alioa mwaka uleule.

Hayo ndiyo ninayoyasema pale jiweni. Watatu nawataja. Wa nne nasema tu "na mkunga," halafu napita haraka. Mkunga mwenyewe anakuwa amekaa nyuma ya watu, baiskeli yake imemwegemea begani, anatafuna michembe. Nikifika kwa Maganga huacha kutafuna. Nikisema "Hao ndio," anaendelea. Hakuna aliyekuwa anajua kwamba ni yeye. Alihamia mjini miaka mingi baadaye, akapanga chumba mtaa wa pili na kwangu, akajiunga na jumuiya yetu kama mama mwingine yeyote. Watu walimwita Mkunga kwa sababu alisema alikuwa mkunga zamani. Wapi, hawakuuliza.

Siku moja binti wa majaruba, tumbo lake liko juu, aliuliza, "Shangazi, na huyo mkunga jina lake nani?"

"Mtu wa zamani," nikasema.

"Amekufa?"

Nikamwambia achukue michembe, itapoa. Hapo uso wangu ulichemka. Nilikuwa nawataja watu ambao hawakuwepo kunisikia, na aliyekuwepo nampita.

Kwa nini nilimpita? Nimejiuliza, na majibu yenyewe hayaniletei sifa. Moja ni umri. Ukikutana naye lazima useme shikamoo, na ukishasema shikamoo kila asubuhi kwa miaka, ulimi unazoea kuinama. Lingine ni hili. Mtoto anayezaliwa miguu kwanza, kwa Kinyamwezi huitwa Kashindye. Wangu hakupewa jina. Maganga na Luhende ndio waliomzika, mimi nikiwa kitandani hospitali, na hakuna aliyenionyesha mahali. Katika umri huu wangu wanawake wote wa jumuiya ni mama fulani: Mama Editha, Mama Pendo, Mama Shija. Mimi ni Milembe, au Dada Milembe, au Shangazi. Ni mtu mmoja tu aliyeniita Mama Kashindye. Alianza siku ya kwanza tulipoonana tena, mbele ya kanisa, watu wanatoka.

"Shikamoo, mama," nilisema kabla sijamtambua.

"Marahaba, Mama Kashindye."

Niliitazama mikono yake, nikamtambua. Watu walidhani ni jina la utani. Nyamizi, ambaye mdomo wake haulali, aliuliza Kashindye yuko wapi, anasoma Dar? Mkunga akamjibu, "Alitangulia." Na kweli alitangulia, kwa kila namna.

Basi ndiyo hivyo. Aliyesaidia kuniulia mwanangu ndiye peke yake aliyeniita mama. Nilichukia kuitwa hivyo na nilitoka nyumbani mapema ili nikutane naye aniite.

Neno pole alikuwa nalo kwa kila kitu. Pole kwa jua, pole kwa shimo, pole kwa pancha. La kwangu hakuwahi kuwa nalo. Hakuomba radhi hata siku moja, wala kwa kuzunguka. Lakini nilisikia kwa watu, nikiwa bado nimekaa juu ya matambara nyumbani kwetu, kwamba baada ya mimi hakuzalisha tena. Alinunua ile baiskeli ya kiume, akawa anawapakia wanawake wenye uchungu kwenye keria kuwapeleka zahanati, anapita kaya kwa kaya kugombana na mama wakwe. Walisema kuna mama mkwe mmoja alimwambia mkwewe ataje kwanza. Mkunga akamjibu, "Atataja hospitali, wataandika kwenye kadi," akampakia binti na kuondoka. Watu walinisimulia wakicheka. Mimi sikucheka. Niliwaza kwamba maneno hayo alikuwa nayo tangu zamani, ila siku yangu aliyaacha nyumbani kwake.

Alikuwa mtu wa kuchekesha, hilo sitamnyima. Alikuwa na desturi kwamba msafara ukipita penye msiba, wote mshuke, mfunike vichwa, mtembee kwa miguu mpaka mpite. Jumapili moja tukaona turubai, viti, watu wamekaa kimya wameinamisha vichwa. Kengele ikakwaruza mara mbili. Tukashuka. Nyamizi akaanza na kilio kabisa, maana yeye kilio huwa anacho tayari. Mzee mmoja akasimama akauliza mnamlilia nani. Kilikuwa kikao cha harusi. Walikuwa wameinama kwa sababu mweka hazina alikuwa ametaja kiasi ambacho kila mmoja atatoa. Tulitamani ardhi ituchukue. Mkunga akawaambia, "Basi pole zetu msizirudishe. Mtazihitaji." Walicheka mpaka wakatupa soda.

Mtu huyohuyo aliogopa damu. Mkunga mzima. Mama Editha alipoanguka akachubuka goti, Mkunga aligeukia upande wa msituni, akatoa kitambaa kwa mkono wa nyuma, akasema, "Mfungeni ninyi."

Kuendesha baiskeli alinifundisha yeye. Nilikuwa nimeachiwa baiskeli ya marehemu kaka yangu, na Mama Editha akanishikilia nijiunge. Nikamwambia siwezi. Kesho yake jioni Mkunga akaja akanichukua, tukaenda uwanja wa mpira wa shule ya msingi.

"Panda."

"Nitaanguka."

"Utaanguka. Panda."

Aliishika siti kwa nyuma, akawa anakimbia nami. Mwanamke wa umri ule, anakimbia, anahema, ananiambia tazama goli, usitazame tairi. Nilipata mwendo. Upepo ukaingia kwenye nguo, nikacheka, na nilipocheka nikavuja. Nilijua mkono wake uko hapo. Niliusikia umeganda kidogo chini yangu. Haukutoka. Ulibaki umeshika siti mpaka mwisho wa uwanja. Niliposhuka alikuwa ameshaupangusa kwenye khanga yake na anaangalia mnyororo.

"Mnyororo umelegea," alisema.

Aibu niliyoipata jioni ile ilikuwa kubwa kuliko ya miaka yote ya kunuka mbele za watu. Wale wengine walijua ninanuka. Yeye alijua kwa nini.

Tangu hapo tukifika mitaa yenye watu, alinisogelea. Alipanga tairi lake karibu na langu, na khanga yake aliyoitandaza juu ya usukani ilinifunika kwa wanaotazama kutoka nyuma. Nilijua anachofanya. Sikumshukuru. Nyamizi alipouliza siku moja, mbele ya wote, "Milembe, mbona siti yako imevaa nailoni kama kochi jipya la sebuleni?" Mkunga alidakia kutoka nyuma, "Na ya kwako imevaa nini, mbona ukiipanda hatuioni tena?" Nyamizi ana makalio ya kutosha wawili. Wote wakacheka, naye akacheka. Mimi nilikanyaga pedeli nikiwa nimeinama.

Nimefika sasa kwenye ya mwisho.

Mwaka huu, miyombo ikiwa imekwisha kuwa myekundu, Mkunga alianza kusukuma baiskeli mahali ambapo zamani aliendesha. Mwanawe akaja kutoka Lusu, kule Nzega, akasema anamchukua akakae naye. Jumamosi, siku moja kabla ya msafara, alikuja kwangu. Nilikuwa napepeta mchele uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Kashindye." Akavuta kigoda, akakaa. "Kesho ni yangu ya mwisho. Mama Editha amesema ndiye wewe wa kusema neno."

"Ndiye mimi."

"Usiishie kwa Maganga."

Nikaendelea kupepeta. "Nisiishie kwa Maganga nifike wapi?"

"Unajua pa kufika."

"Ngoja nikuwekee chai."

"Sikufuata chai." Aliiweka mikono yake magotini, ile mirefu, sasa imekauka kama vijiti vya kuwashia moto. "Nakwenda Lusu. Kule hakuna anayenijua. Nikifa watasema alikuwa mkunga mzuri, alipakia wanawake kwenye baiskeli. Watanizika na hilo."

"Si ujitaje mwenyewe? Kinywa unacho."

"Nikijitaja watanihurumia. Watasema pole mama, ulikuwa ujinga wa zamani, Mungu amesamehe. Wataniletea soda. Sitaki. Wewe ukinitaja ndiyo itakuwa nimetajwa."

Kuku aliingia kwenye ungo, nikamfukuza. Alipoinuka alijishika kiuno, akaikimbiza baiskeli yake hatua chache, akashindwa kurusha mguu. Akaisukuma hadi nje ya ua, nami nikamtazama.

Usiku sikuwaza kitu kingine. Nilikuwa nimesubiri miaka hiyo yote kuliona jina lile likitoka hadharani, na sasa mwenyewe ananipa ruhusa. Nikajiambia kesho nitalitoa, na likishatoka nitakuwa nimemaliza kutaja, na nikimaliza kutaja nitasamehe kama nilivyoahidi. Halafu nikawaza: nikishalitoa, akina mama watamwonaje? Nani ataniita Mama Kashindye?

Jumapili tulikwenda polepole kwa ajili yake. Pale jiweni upepo ulikuwa unatoka bwawani na michembe ilikuwa bado ya moto. Yule binti wa majaruba alikuwepo, mtoto wake sasa anatambaa juu ya khanga. Mama Editha akasema, "Milembe, neno ni lako."

Nikasimama. Nikaeleza palizi ya karanga, mlango uliofungwa, mpini uliokuwa unachongwa. Nikamtaja Luhende. Nikamtaja Bi Kabula. Nikamtaja Maganga na makaratasi yake. Kisha nikasema, "Na mkunga," na safari hii sikupita. Nilisimama hapo. Wote wakainua nyuso.

Mkunga hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama nyuma ya watu, ameshika usukani kwa mikono miwili, amevaa gauni lake la kwenda komunyo. Alikuwa amejiandaa. Nilipochelewa aliona nimekwama, akataka kunisaidia. Akasema taratibu, kwa upole kabisa, "Taja, mwanangu. Ukitaja utapumua."

Sijui kama alikumbuka kwamba ni maneno yaleyale. Nadhani yalimtoka tu, kama yanavyomtoka mtu aliyeyasema kwa wanawake wengi. Lakini mimi nilirudi kwenye kile chumba. Nilisikia panga kwenye mti wa mpini. Kinywa kilijifunga, kilekile, kama mlango uliovimba kwa mvua. Na ndani ya kufunga huko, nisidanganye, kulikuwa na kitu kama raha. Nilijua anachokitaka, nikajua kwamba safari hii mlango ni wangu na yeye ndiye aliye nje.

"Hao ndio," nikasema, nikakaa.

Binti wa majaruba alinitazama, kisha akamtazama Mkunga, kisha akamchukua mtoto wake. Nyamizi akauliza nani ana chumvi. Mkunga aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa, akaanza kuifunga khanga yake kwenye keria.

Wakati wa kurudi tulijipanga. Nilikaa mahali pangu, wa pili kutoka mwisho, nikisubiri kengele ikwaruze. Badala yake niliona tairi lake linanipita. Alikuwa anasukuma. Akampita Nyamizi, akawapita wengine wote, akaenda kusimama nyuma ya Mama Editha.

"Mama," Nyamizi akaita, "leo mkia umemwachia nani?"

"Umepata mwenyewe," akasema.

Tukaondoka. Nyuma yangu hapakuwa na mtu. Ndicho nilichokitaka tangu mwanzo. Niliona migongo yao yote, khanga zao, jasho lao, Nyamizi na siti yake isiyoonekana. Niliona mbali, karibu na mbele, gauni la komunyo likiyumba. Kwenye mizizi tairi liliruka, nikavuja, na hakuna aliyeona. Tulipofikia nyumba za kwanza kabla ya reli, watoto waliokaa kwenye kuta waligeuka kutuangalia tukishapita, na mimi nilikuwa wa mwisho kuangaliwa, bila khanga ya mtu nyuma yangu. Mmoja alicheka. Sijui alicheka nini.

Penye reli tulishuka kumuaga. Akina mama walimkumbatia mmoja mmoja, Mama Editha akatokwa na machozi. Nilikuwa wa mwisho na hapo pia. Nikapiga goti kidogo, kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, mama. Safari njema."

Alinitazama. Akanyoosha mkono, akarekebisha ile nailoni kwenye siti yangu, iliyokuwa imekaa upande.

"Marahaba, Milembe," akasema.